Mistari Miwili ya Kalisti

Simu ilimkuta Cornelia nyuma ya nyumba yake, Pito, akipepeta ulezi. Aliyepiga ni Jastin, mwalimu aliyefundisha hisabati pamoja na Kalisti, mdogo wake Cornelia, kule Katandala. Alikuwa amemsindikiza hospitali, Mbeya.

"Dada Cornelia, kaa chini kwanza."

Hakukaa. Ungo uliinama, ulezi ukamwagika mavumbini. Kitu cha kwanza kumjia kichwani, Mungu amsamehe, hakikuwa sala. Ilikuwa wiki moja.

Kalisti alizoea kuchora kila kitu. Mvua aliichorea grafu, mahindi vilevile; uvimbe ulipomtoka shingoni, akauchorea nao.

"Wino mwekundu ni uvimbe," alimweleza dada yake. "Penseli ni askari wa mwili. Dawa ikiingia inawachapa wote. Ndiyo maana tunapumzika wiki tatu, askari wainuke kabla uvimbe haujainuka tena."

"Mwalimu bwana! Hata kifo unataka kukisahihisha kwa kalamu nyekundu?"

"Hicho nakipa sifuri," akacheka.

Mwezi wa sita jumuiya yao ya kanisani ilijitolea kumvunia Kalisti ulezi, siku ileile aliyopaswa kupanda basi kwenda Mbeya kufuata dawa ya tatu. Watu wakija kukuvunia, mwenye shamba huwapokea mwenyewe kwa togwa, akiondoka amewadharau. Cornelia akamsihi: "Wiki moja tu, mdogo wangu. Watatusemaje?" Kalisti akabaki. Baridi ya shambani ikampa nimonia, na wiki moja ikawa nne.

Sasa Jastin alirudi na maiti, pamoja na begi la marehemu. Ndani mlikuwa na daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili myekundu: dawa kwa wakati, dawa kuchelewa. Iliachana, ikapanda, ikakutana pembeni mwa karatasi.

"Maana yake nini?"

"Kwamba kuchelewa hakukubadilisha kitu, dada. Mwisho ni uleule."

Cornelia alivuta pumzi. Kisha akaona karatasi ilivyochubuka chini ya mchoro. "Hapa pamefutwa."

"Ni namba ya nguvu ya askari wake, ndiyo inayoamua mistari iende wapi. Aliikisia tu. Akaifuta, akaandika nyingine."

"Kwa ile ya kwanza, mistari ilikutana?"

"Haisomeki."

"Alibadilisha kwa sababu ndiyo kweli, au kwa sababu alijua nitalifungua daftari?"

Cornelia aliuinua ukurasa kwenye jua la mlangoni. Aliona mkwaruzo tu. Jioni, kwenye rozari, kila punje ilimwambia: wiki moja tu.

Walimzika kesho yake saa nane, baada ya misa. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Cornelia alitupa udongo mara tatu. Wanajumuiya walewale waliovuna ulezi walishika koleo, wakafukia, wakasimika msalaba. Walipokwisha kunawa mikono, Cornelia aliwapa togwa, mmoja mmoja, kwa mikono miwili.