Uzi Wenye Dhahabu

Bwana yangu hakunivisha pete ya dhahabu, ingawa ujana wake aliumalizia migodini Bambu akiichimba. Hilo nilikuwa nimelizoea. Kilichonichoma ni kwamba miezi yake ya mwisho aliitumia kubembeleza uzi uliopakwa dhahabu, mwembamba kama unywele, na jioni akirudi nyumbani hakuwa na habari nyingine.

Alikuwa amegeuka fundi wa kujenga. Pembeni mwa Bunia walikuwa wanajenga furu kubwa ya kuchomea matofali, ya kudumu, siyo zile tunazorundika na kuzibomoa. Uzi uliletwa na mama enjenia, mwanamke wa Kisangani. Bwana yangu alinieleza kwamba ni wa kioo na mwanga unapita ndani yake. Unajengewa ukutani, udongo unaukamata. Ukuta ukitanuka kwa moto, uzi unavutwa pamoja nao na mwanga unabadilika. Mashine inachora mstari, na watu wanajua ukuta unaumia wapi kabla haujapasuka. Dhahabu ni nguo yake, maana nguo ya plastiki ingeungua.

Akaongeza kwamba mama enjenia anasifu mikono yake. Aliitazama kama mikono ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimeishi na mikono ile tangu usichana. Nikampakulia sombe.

Alimaliza kufunga dari ya furu, akashikwa na homa, akafa kabla haijawashwa.

Kwetu, fundi aliyejenga furu ndiye anayewasha moto wake wa kwanza. Akiwa amekufa, moto unatoka jikoni kwake na mjane anaubeba. Hicho tu ndicho kilichokuwa kimenibakia. Kwenye matanga watu waliimba, mimi nikawaza mbabula yangu, jiko la makaa, na makala yake ya moto. Mama enjenia alikuja, akalia kuliko mimi. Wanawake wakampa kiti, wakamshika mabega. Hata machozi yale niliona ameyachukua kwangu.

Matanga yalipoisha nilitia makala ya moto katika sufuria ya zamani, nikaifunika, nikashika njia, pikipiki zikinikwepa. Nilipokaribia, nikaona moshi unatoka juu ya furu.

Mama enjenia alikuwa mbele ya mashine. Alipoona sufuria, akasimama.

“Mama, hii ni moto kidogo ya kukausha ukuta. Ile ya kweli inakungojea.”

“Moto ni moto,” nikamwambia. “Ulikuwa naye muchana yote. Na hii pia uliitaka?”

Wafanyakazi wakatazama pembeni. Yeye akasogea kando ya mashine. Aliniita niangalie mstari, akaweka kidole mahali ulipolala chini.

“Iko fasi moja, hapa juu ya mulango. Ukuta inavutika, uzi haivutike. Inasikia joto tu. Bwana yako aliweka nini pale?”

Nilijua palepale. Kabla hajaugua, kikwembe changu cha bluu kilipasuliwa pindo, nami nikalaumu panya. Watu wa Bambu hawaachi dhahabu wazi, wanaifunga kitambaa. Aliambiwa udongo uukamate uzi ukiwa mtupu, lakini pale juu ya mlango, penye kona, aliogopa mchanga usiukwaruze. Akauvika.

“Ni kikwembe yangu,” nikasema.

Nguo yangu aliipasua ili kuufunika uzi ule. Sikuona huruma wala kichekesho. Niliona wivu.

Moto ukazimwa, ukuta ukaachwa upoe, fundi mwingine akatoa matofali machache. Mkono wa kwanza kuingia ulikuwa wa mama enjenia. Akatoa kitambaa, kahawia pembezoni, ua la bluu bado linaonekana katikati. Kama ningetangulia na moto wetu mkubwa wa desturi, kingekuwa majivu na nisingejua kitu. Nilielewa hivyo, naye alielewa. Alikishika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akanipa. Nilipaswa kumshukuru. Nikakikunja, nikakitia kifuani.

Uzi ulijengewa upya, mtupu, na ukuta ulipokauka nikaleta makala mengine. Safari hii hapakuwa na moshi. Niliyamwaga mlangoni mwa furu, nikapuliza, kuni zikashika. Wafanyakazi wakapiga makofi. Mama enjenia hakutazama moto wala mimi. Alitazama mstari, na ulipoanza kupanda pale juu ya mlango, akatabasamu peke yake, kama mtu aliyesalimiwa.

Nikamuuliza mstari unasema nini.

“Inavutwa muzuri, mama,” akajibu bila kugeuka.

Nikaacha sufuria chini, nikavuta matofali mawili hadi ubavuni mwake, nikakaa, ili asiutazame mstari peke yake.