Uzito Mkavu wa Mwalimu Severini

Kabla mambo hayajaharibika, Jumatatu kwenye kitengo chetu cha kusafisha damu pale Ifakara ilianza kwa mizani na kelele. Kelele zilikuwa zangu mimi, nesi wao. Mgonjwa anapanda, nasoma kilo, namsema. Mtu ambaye figo zake zimekufa hapati mkojo. Anachokunywa kinabaki mwilini mpaka mashine ikitoe, na kikizidi kinapanda mapafuni, anaanza kuhema. Kwa hiyo kila mmoja tulimwandikia uzito mkavu, yaani kilo anazotakiwa kubaki nazo maji ya ziada yakishatoka. Ukizidisha, jiandae kunisikia.

Mwalimu Severini alikuwa mstaafu wa Kiberege, mkulima wa mpunga, anakuja Jumatatu na Alhamisi. Siku moja alizidi kilo nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo nimekupa, sasa na wewe nipe ukweli. Umekunywa nini?"

"Maji ya kumezea dawa tu."

"Dawa gani hiyo, ya ng'ombe?"

Chumba kizima kilicheka, naye akacheka, akakiri: togwa, vikombe vitatu, kwenye kipaimara cha mjukuu. Wagonjwa wa figo karibu wote hudanganya kuhusu maji. Siwalaumu. Joto la bonde hili mnalijua, halafu upangiwe vikombe viwili kwa siku! Lakini mimi nilijifunza kutowaamini, na nilijivunia hilo.

Kisha ukaja ugonjwa. Watu waliuita nimonia, au changamoto ya kupumua, wakishusha sauti. Wengine waliweza kujifungia nyumbani. Wagonjwa wetu hawakuweza, maana mtu wa figo akikosa mashine siku chache tu, amekwenda. Wakaja, wakakaa saa nne nne kwenye viti vilivyobanana. Tulivaa glavu mbili mbili na barakoa tulizofua tukarudia. Wenzetu wawili waliugua, tukabaki mimi na Tatu, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuo. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kila siku. Nilivulia nguo uani, wanangu wakinitazama dirishani. Na mimi nikiogopa, mdomo unazidi ukali.

Jumatatu moja Mwalimu aliingia ameshikwa mkono na mkewe, Mama Imelda. Alikuwa anahema. Alinukia mikaratusi, lakini siku zile nani hakunukia mikaratusi? Bonde zima lilikuwa linajifukiza.

Mizani ilisema amezidi nusu kilo tu.

Nesi wa wodi nyingine angesita hapo. Sisi tunajua kwamba mgonjwa wa figo akikonda, nyama huondoka na maji yakakaa mahali pake, mizani isiseme kitu. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Nikapiga hesabu kichwani: amekonda, uzito wake mkavu umeshuka, anahema, hayo ni maji.

"Umekunywa, Mwalimu."

"Sijanywa, mwanangu."

"Mwalimu!"

"Haki ya Mungu, safari hii sijanywa."

Nikamgeukia mkewe. "Mama Imelda, huyu mtu ukimpa maji unamuua. Hata akililia, mnyime."

Nikaiweka mashine itoe lita mbili na nusu.

Saa ya pili miguu ilimkaza. Hakupiga kelele, alishika ukingo wa kiti.

Presha ikaporomoka.

Nikasimamisha kila kitu, nikamrudishia dripu, nikamwinua miguu. Akafumbua macho.

Bado alikuwa anahema.

Maji yametoka, na bado anahema. Nililiona hilo, sitadanganya. Lakini Tatu akaniita kwa sauti ya hofu, mgonjwa wa kiti cha mwisho anatapika, nikakimbilia huko. Niliporudi, gari la kwenda Kiberege lilikuwa linapiga honi nje na Mwalimu alishafika mlangoni, ameegemea ukuta. Ningeweza kumzuia.

"Tuonane Alhamisi, Mwalimu. Na huo mdomo uufunge."

Hayo ndiyo niliyomwambia mara ya mwisho.

Alhamisi hakuja. Binti yake alinipigia simu kwamba amefariki asubuhi hiyo. Siku mbili baadaye mama aliyekuwa anakaa kiti cha jirani naye alianza kukohoa. Daktari akampiga picha ya kifua, akaniita niitazame. "Haya si maji, Sista Edina," alisema, "ni ule ugonjwa." Nikamkumbuka Mwalimu alivyoondoka bado anahema. Yule mama tulimtibu mapema, akapona.

Ilinichukua mwaka mzima kupata moyo wa kwenda Kiberege. Nilimkuta Mama Imelda uani anapepeta mchele. Alinipa kigoda, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Halafu akaweka ungo chini.

"Sista, kuna jambo limenikaa kooni. Jumatano ile, mchana kutwa, aliomba maji. Midomo ilikuwa imempasuka. Nikamnyima. Nikamwambia Sista amekataza. Niambie kweli, nilikosea?"

Ningeweza kumwambia hukukosea, mama, nikaaga, nikapanda gari. Jibu hilo lilikuwa limeshanifika mdomoni. Lakini alikuwa ameomba kweli, na mumewe alinipa kweli nikaikataa.

"Aliyekosea ni mimi," nikasema. "Hakuwa na maji mengi mwilini. Alikuwa anaumwa mapafu. Mimi nilimkamua maji aliyoyahitaji, na kiu ile niliitia mimi. Ningekuwepo na akili hii ya leo, ningemnywesha kwa mkono wangu."

Hakulia. Alipangusa pumba mikononi.

"Kwa hiyo hakuwa amekunywa."

"Hakuwa amekunywa, mama. Alisema kweli."

"Kila akiniapia, nilimwambia nyamaza, mwongo wewe." Akaushika ungo, akauacha tena. "Miaka arobaini na mbili ya ndoa, Sista. Siku yake ya mwisho nikamwita mwongo."

Nilikwenda kumpunguzia mzigo, nikamwongezea.