Mchanga wa Ndoo ya Pili

Kumiliki gari jeusi Ngara ni kujitafutia kazi. Vumbi letu jekundu halichagui gari, lakini juu ya rangi nyeusi hata mpita njia analiona. Mume wangu alilitaka hivyo hivyo. Tulilinunua kwa maharage ya shamba lake na ya shamba langu, na kila Jumamosi aliliosha mwenyewe uani kwetu Kibimba, kwa ndoo mbili za maji tuliyoteka bondeni.

Alinifundisha kuosha, na alikuwa mkali. Kwanza unalimwagia maji kwa kopo kuanzia kwenye paa, vumbi lilainike, literemke lenyewe. Kabla ya hapo kitambaa hakigusi gari, maana vumbi lile ni mchanga. Ndoo ya kwanza ni ya sabuni. Ya pili ni ya kusuuzia kitambaa, na mchanga wote unatulia chini yake, kwa hiyo unasuuza juu juu tu. Siku moja nilizamisha mkono mpaka chini, akaninyang'anya kitambaa akaenda kukifua.

Alipofariki, siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa kikao. Kaka yake mkubwa, mfanyabiashara wa Biharamulo, akasema gari ni mali ya ukoo na mwanamke hana pa kwenda nalo. Maharage yangu hayakutajwa. Akachukua funguo mezani mbele yangu, na waliokuwepo wote wakainamia sahani zao.

Angeishia hapo, labda ningemwachia Mungu. Lakini hata mwezi haujaisha akaja nalo, limejaa vumbi mpaka kwenye vioo.

"Shikamoo, shemeji," nikamwambia.

"Marahaba. Wale waosha magari wa mjini wataniharibia rangi. Lioshe kama marehemu alivyokuwa analiosha."

Nilikuwa bado nimevaa nguo za msiba. Nilishuka bondeni, nikapanda na ndoo kichwani, nikashuka tena kuchukua ya pili, na njia nzima nilikuwa nalia kwa hasira. Sikukataa, kwa sababu nyumba ninayoishi pia ilikuwa ya ukoo, na yeye alijua kwamba najua.

Akawa analileta kila Jumamosi, na mbili za kwanza nililiosha vizuri. Ya tatu, yeye akiwa ndani anakula ndizi zangu, mkono wangu ukashuka wenyewe mpaka chini ya ndoo ya pili. Wenyewe? Nisidanganye. Niliushusha. Nikatoa kitambaa kimejaa mchanga, nikasugua boneti kwa duara ndogo ndogo, kwa utulivu, kama ninayemsugua yeye uso. Raha niliyoipata sijawahi kuiungama kwa padri.

Uzuri wake ni kwamba gari likiwa bado bichi linang'aa. Mikwaruzo inajitokeza likikauka, jua likilipiga kwa ubavu, na shemeji alikuwa mtu wa haraka, hakosi kuondoka kabla halijakauka. Akiwa anageuza gari langoni nilikuwa namwambia, "Safari njema, shemeji," na moyoni nahesabu vilima mpaka litakapokauka. Jumamosi iliyofuata alilaumu matawi ya barabarani. Baadaye akalaumu mbuzi, kisha majirani zake. Mimi nilimpa pole na kushuka kuteka maji. Nilimaliza boneti, nikaenda kwenye milango, nikamalizia na paa.

Mwaka haukuisha. Biharamulo walianza kumcheka, mfanyabiashara mzima na gari lililopauka hivyo, na yeye kuchekwa hawezi. Akanunua jingine. La kwetu akalileta, akatupa funguo kwenye mkeka nilipokuwa nachambua maharage.

"Limechakaa. Baki nalo."

"Asante, shemeji," nikasema, na nikainama ili asinione uso. Nilikuwa nimeshinda. Alipotoweka nilipiga vigelegele peke yangu uani.

Kesho yake asubuhi nikaliosha kama nilivyofundishwa. Maji kwanza, kitambaa juu juu, nikisuuza kila baada ya kufuta mara mbili. Nikalikausha kwa kanga safi. Na kadiri lilivyotakata ndivyo mikwaruzo ilivyozidi kuonekana, duara juu ya duara, boneti nzima. Nikaanza kuzunguka nikitafuta uharibifu wa shemeji, nipate walau kitu kimoja cha kumsema nacho. Nilitazama mpaka chini ya milango. Hakuna. Barabara zote zile hakuligusisha hata kijiti. Mume wangu alilitunza miaka yote bila alama, kaka yake akaliendesha bila alama, na kila mkwaruzo uliomo ni wa mkono wangu. Nikakaa juu ya ndoo niliyoifudikiza, nikamwomba msamaha mume wangu kwa sauti. Shemeji sikumwomba, na simwombi.