Daktari wa Meno na Matairi Mapana

Daktari wa meno huingia duka la matairi kama anayekwenda kuposa: nywele kazichana, viatu kaving'arisha. Hubonyeza kila tairi kwa kidole gumba, hulinusa, kisha huligonga huku katega sikio. Mkewe husubiri kando, kachoka hoi. Matairi laini hung'ang'ania kona za uwanja wa mbio lakini huisha upesi. Magumu hudumu, ila huteleza. Safari hii, mbio zikiwa kesho, alichagua laini, mapana kupita kiasi, na rimu nyepesi za rangi ya dhahabu. Yalipofungwa kwenye kigari chake cha mbio, akazungusha usukani, na tairi likakwaruza bodi, kwaaa!

"Mume wangu, hayaingii hayo," mkewe akasema. "Chukua membamba."

Daktari akachuchumaa, akamulika tochi ndani, akatikisa kichwa.

"Matairi hayana kosa. Tutaichonga bodi kidogo tu."

Fundi akaja na msumeno, akamtazama mke, mke akatazama dari. Daktari akalipapasa gari ubavuni, akaliambia kwa upole, "Ukisikia maumivu, inua mkono."