Ponchi ya Emorut

Mtu mzima hapaswi kugombana na ndimu, tena siku ya Jumapili, lakini Emorut alikuwa amesimama jikoni kwake Angurai akizitukana moja moja. Zilikuwa ndogo, ngumu kama kokoto, na kila aliyoikamua ilimpa matone matatu na mbegu saba.

"Hizi ni ndimu ama ni adhabu?" aliuliza.

Mkewe, Wilkister, alikuwa chumbani akitafuta kitambaa chake cha kichwa cha kwenda kanisani, na tangu alfajiri alikuwa ameamua kwamba shughuli ya leo haimhusu.

Shughuli yenyewe ilikuwa hii. Saa tisa alasiri Emorut angetembelewa na wanaume wanne wa hapo kijijini, wakiongozwa na baba yake mdogo, mzee Okwi, na angewapa ponchi ya ramu. Si bia ya chupa, wala si ajono, ile pombe ya wimbi ambayo Wateso huiongezea maji moto na kuinywa kwa mirija mirefu wakiwa wamekizunguka chungu. Ponchi. Kinywaji cha visiwa vya Karibi alichokitengeneza miaka ishirini na sita kwenye baa ya hoteli moja kule Diani, akiwa na shati jeupe na tai ya kipepeo, hata wageni wakawa wanarudi mwaka baada ya mwaka na kitu cha kwanza kuuliza ni, Emorut yuko?

Kwao hakuna aliyeuliza, na hapo ndipo palipomuuma. Kwa Wateso kupika pombe na kuimimina ni kazi ya wanawake. Aliporudi nyumbani kustaafu, mwaka juzi, rafiki yake wa utotoni, Ochom, alimpokea mbele ya watu kwa maneno haya: "Kwa hivyo ulienda mpaka bahari kufanya kazi ya mamako?" Watu wakacheka wakashika mbavu. Emorut naye akacheka, maana ufanyeje, ila neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ya Ochom yangevumilika. Ochom hajawahi kuona kitu asikicheke, hata msiba. Aliyemkosesha Emorut raha ni Okwi. Baba yake Emorut alipofariki, Okwi ndiye aliyemlea, akamsomesha akitaka awe mwalimu, na tangu siku Emorut alipopanda basi la pwani mzee hakuwahi kumuuliza swali hata moja kuhusu kazi yake. Hata moja! Krismasi zote zile alizokuja likizo, ilikuwa ni ng'ombe, mvua, watoto wanasoma vipi. Kuhusu kazi, kimya. Sasa mzee ana miaka themanini na minne na kifua kinamsumbua. Emorut alitaka aonje kazi ya mikono hii angali hai, halafu aseme neno. Neno moja tu lingetosha.

"Moja ya uchachu, mbili za utamu, tatu za ukali, nne za maji," alikariri huku akikamua. Hesabu ya ponchi ni hiyo tu, na huko visiwani wanaijua hata wasiojua kusoma. Ndimu, shira ya sukari, ramu, halafu barafu na maji, na juu yake unakwaruza kungumanga kidogo. Hakuna ugumu wowote. Ugumu ni kuifanya Angurai.

Kwanza ramu. Alikuwa nayo chupa moja, nyeusi, ya visiwani kwenyewe, aliyozawadiwa siku ya kuagwa, na aliitunza ndani ya sanduku chini ya kitanda kama hati ya shamba. Alipoitoa asubuhi hiyo aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaiona imefika nusu.

"Mama Brendah!"

"Nini tena?"

"Nani amekunywa hii?"

Wilkister akatokea mlangoni, kitambaa kichwani, Biblia kwapani. "Mimi na pombe tunajuana wapi? Hiyo si ile dawa yako ya kuchua? Nimekuwa nikijipaka magoti."

"Magoti!"

"Tangu Februari. Na imenisaidia sana, kwa hivyo usinipigie kelele."

"Mama Brendah, hiyo ramu imekaa kwa pipa miaka kumi na mbili!"

"Ndiyo maana iko na nguvu," Wilkister akasema, akashika njia ya kanisani akitembea vizuri kweli.

Emorut alikaa kitako juu ya gunia la mahindi, akashika kichwa. Angeweza kuahirisha. Lakini ungemwambia nini mzee wa miaka themanini na minne, kwamba ponchi imepakwa magotini? Akainuka, akaita boda, akashuka hadi Malaba, mpakani.

Malaba alikwenda kutafuta vitu viwili, waragi, ile pombe kali ya Uganda, ya kujazia pengo la ramu, na barafu. Waragi haikumpa shida. Mama mmoja wa upande wa Uganda alimfungulia chupa, akampitishia puani. "Ssebo, hii ni yenyewe. Ukikunywa hautasahau jina yangu."

"Hilo ndilo naogopa," Emorut akajibu, akainunua.

Barafu ndiyo iliyomtoa jasho. Friji za soda hazikuwa na barafu, zilikuwa na soda, tena za moto. Mwisho alielekezwa kwa Akoth, muuza samaki, aliyekuwa na sanduku kubwa lililojaa barafu na ngege wa ziwani.

"Ya kukunywa?" Akoth alimtazama kama mtu aliyeomba kununua ndoo ya moshi. "Boss, hii ni ya samaki."

"Samaki wamelala upande gani?"

"Huu." Akaonyesha kwa kisu. "Hapa kwa kona hawajafika. Sana sana ni mkia."

Emorut, ambaye kule Diani alikuwa akirudisha ndoo nzima ya barafu akiona unywele mmoja, alisimama pale akimeza mate ya hasira. Halafu akasema, "Nipe ya kona."

Akaifunga ndani ya nailoni, nailoni ndani ya gunia, akapanda boda. Barabarani malori ya kwenda Uganda yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida, na mengine yalikuwa yameamua kupanga foleni ya pili kando ya ile ya kwanza. Boda ikajipenyeza, ikasimama, ikajipenyeza. Jua likawaka.

"Mzee," dereva akasema bila kugeuka, "ni nini hiyo inanimwagikia mgongo?"

"Endesha!"

"Nauliza tu, mzee, juu inanuka omena."

Alipofika nyumbani gunia lilikuwa limebaki na barafu ya kujaza sufuria moja. Akaisuuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Mara ya tatu aliinusa, akajiambia kungumanga itafunika. Na kwa kuwa ile chupa ndogo ya matone machungu, inayotiwa mwisho kabisa, haipatikani kati ya hapa na Kisumu, alikwaruza ganda la chungwa badala yake, akaviomba radhi visiwa vyote.

Saa tisa kamili wageni wakaingia uani: Okwi na fimbo yake, Ochom na mdomo wake, na ndugu wawili wa upande wa Okwi ambao husema tu kile ambacho mzee ameshasema. Kila mmoja alikuwa na mrija wake mkononi, kwa sababu wazee hawa hawaendi mahali penye kinywaji bila mrija, hata uwaambie mara ngapi.

"Yoga," Okwi akasalimu.

"Yoga noi, baba. Karibuni, kaeni."

Wakakaa kwenye benchi lililo kivulini mwa nyumba. Emorut alikuwa amevaa lile shati jeupe, amening'iniza kitambaa cheupe mkononi, viatu vinang'aa. Kwenye meza alipanga glasi nne alizoazima kwa kikundi cha akina mama wa kanisa, ambacho hakikuambiwa za nini. Akapima kwa kile kikombe kidogo cha chuma cha toti, akamimina kwenye chombo chake cha kutikisia, akafunga, akainua hadi begani, akaanza kutikisa. Mikono haikuwa imesahau. Barafu ililia ndani ya chuma, na kwa dakika moja Emorut alikuwa na furaha.

"Sasa amefika kwa kusukasuka maziwa," Ochom akasema. "Hiyo siagi ikitoka mniitie."

Ndugu wawili wakacheka. Okwi hakucheka.

Emorut akauma meno, akamimina, akakwaruza kungumanga, akampa kila mtu glasi yake kwa mkono wa kulia, mzee kwanza. Rangi ilikuwa nzuri, kahawia ya chai kavu, na povu kidogo juu. Akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, akangoja.

Hakuna aliyekunywa.

Ochom aliitazama glasi yake kwa chini, akakuta namba saba ya rangi nyekundu, alama ya kikundi cha akina mama, akaonyesha wenzake. Ndugu wawili walimtazama mzee. Mzee aliitazama glasi, akaitazama ya jirani yake, akatazama ya Ochom. Barafu ilikuwa inayeyuka. Emorut aliiona kwa macho yake ikiyeyuka, nne za maji zikawa tano, zikawa sita, na kazi ya siku nzima ikigeuka maji ya kuoshea vyombo.

"Baba, kunywa, inaharibika," akasema.

"Mbona kila mtu na yake?" Okwi akauliza. "Kama tuko kwa laini ya dawa hospitali ya Alupe."

"Ndivyo inavyonywewa, baba."

"Nani amesema?"

"Waliotengeneza!"

"Hao wako hapa?"

Okwi akamwonyesha Ochom mlango wa jikoni kwa fimbo, na Ochom, ambaye akiombwa kushika jembe huumwa mgongo, aliruka kama kijana akaleta chungu. Glasi zote nne zikamwagwa ndani. Chombo cha kutikisia kikamwagwa ndani. Kilichobaki cha ramu ya miaka kumi na mbili na cha waragi ya mama wa Malaba, ndani.

"Na maji moto?" Okwi akauliza.

"Baba, hapana!" Emorut akapiga kelele. "Hii ni ya baridi! Nimetoa barafu Malaba! Imepimwa! Moja, mbili, tatu, nne, imepimwa yote!"

"Chungu bila maji moto ni chungu ya nini?" mmoja wa wale ndugu akauliza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa.

Wilkister, aliyekuwa amerudi kutoka kanisani na kujitia kutowaona, alikuja na chupa ya chai yenye maji ya moto bila hata kuombwa mara mbili. Yakamiminwa. Mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke ule kulikuwa na ndimu, sukari, waragi na, kwa mbali lakini bila shaka yoyote, ngege. Emorut alitamani kukipiga chungu teke. Alichoka na watu hawa. Alichoka kwa miaka yote ishirini na sita, na kwa hii miwili ya kurudi, yote kwa mpigo, na kama wangeondoka dakika ile wote wasingemsikia akiwaita tena.

Mirija ikashuka chunguni. Okwi akainua mkono, wakasubiri.

"Onja," akamwambia Emorut.

Hiyo ni desturi, na Emorut anaijua tangu akiwa mtoto. Mwenye kinywaji huonja kwanza, wageni waone hakuna ubaya ndani. Ndicho kitu walichokuwa wakikingoja tangu mwanzo, glasi zikiwa mkononi. Lakini mdomo wake ulijibu kabla yeye hajafikiri.

"Hapana, baba. Kazini hatuonji."

"Kazini?" Okwi akasema. "Hapa uko kazini?"

Mzee alimtazama taratibu, shati, kitambaa mkononi, viatu, na zile hatua mbili alizorudi nyuma.

"Huko pwani," akauliza, "watu wakikunywa, wewe ulikuwa unakaa wapi?"

"Nilikuwa nasimama, baba."

"Siku yote?"

"Siku yote. Nyuma ya kaunta hakuna kiti."

"Miaka ishirini na sita."

"Na miezi minne."

"Na hakuna mtu, hata mmoja, alikuambia keti?"

"Hairuhusiwi, baba."

Ochom alikuwa amefungua mdomo tayari kwa mzaha. Akaufunga. Okwi akakohoa, akapangusa midomo, akawa anatazama chini kama mtu aliyeambiwa leo msiba wa zamani ambao hakuna aliyewahi kumpa habari zake.

"Ochom," akasema hatimaye. "Songa."

Ochom akasonga. Ndugu wawili nao wakasonga, benchi likalia, na pakapatikana nafasi karibu na mzee. Emorut hakujua akipeleke wapi kile kitambaa. Okwi akakivuta kutoka mkononi mwake, akakitupa juu ya meza pamoja na glasi, akamshika mkono akamketisha. Machozi yalimtoka Emorut waziwazi, mbele ya Ochom na wote, na hakuyafuta.

Mzee akaupangusa mrija wake kwa kiganja, akauelekeza kwake.

"Sasa vuta," akasema. "Hatuwezi kuumia na hii kitu peke yetu."