Magunia Kwenye Bomba la Hewa

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Hewa alinisimamisha mdomoni mwa handaki la utafiti wa urani, mbali kidogo na Balangdalalu, akaniuliza, "Unasikia harufu yoyote?"

"Hapana, mzee."

"Basi usije ukaingojea."

Alikuwa anasema juu ya radoni, gesi inayotoka kwenye mwamba wenye urani. Haina rangi wala harufu. Isipoondolewa, chembe zake hushika mapafuni, na ugonjwa huja baada ya miaka. Kinga yake ni hewa. Kazi yangu ilikuwa kuwasha feni saa nzima kabla watu hawajaingia, na bomba la turubai lilipeleka hewa safi hadi mwisho wa handaki, walikochimba. Hewa mbaya ilisukumwa nje. Niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa.

Mwezi wa saba, mashamba ya ngano ya serikali yakivunwa kule tambarare, upepo wa mlima Hanang huwa mkali na wa baridi. Feni iliupeleka moja kwa moja kwenye migongo iliyolowa jasho. Wachimbaji wakaanza kuziba bomba kwa magunia ya ngano. Kiongozi wao alikuwa Bura, mume wa dada yangu.

Nikamwambia, "Shemeji, toeni hayo magunia."

"Feni yako inatupepeta kama ngano. Njoo ukae hapa kutwa, halafu tuongee."

"Mwacheni mlinzi wa upepo," mwenzake akasema, wakacheka.

Nikarudi kwenye feni yangu. Jumatatu, siku ya kupima, waliyatoa magunia mapema, na kipimo kikaonyesha hewa nzuri. Msimamizi alinisifu mbele yao. Ningeweza kusema pale pale. Niliogopa Bura angefukuzwa.

Ikawa hivyo misimu mitatu ya baridi, hadi handaki lilipofungwa. Nikahamishiwa karakana ya matrekta kwenye mashamba ya ngano, chini ya fundi mkuu wa huko, nikastaafu huko. Bura alikuwa ameshakufa kwa mapafu. Daktari hakutaja radoni, na Bura alivuta kiko, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini nilikaa kando ya kitanda chake nikimsikiliza akitafuta pumzi, nami ndiye niliyeajiriwa kumpelekea hewa.

Ninyi vijana mnaotaka kazi za migodini, sina ushauri wa kuwapa. Kazi yangu niliijua vizuri, na haikumsaidia mtu.

Dada yangu nimemweleza habari za magunia mara mbili. Mara zote mbili aliniuliza kama nimekula.