Magazini ya Rangi Mbili

Bwana niliyemfanyia kazi Dubai alinisamehe kosa ambalo sikulitenda, tena mbele ya watu, na kwa msamaha ule nilimchukia kuliko kama angenizaba kofi.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa nalala mtaa wa Al Nahda, chumba kimoja na wanawake wenzangu wa pwani ya Kenya, na kila asubuhi dereva wa bwana, mtu wa Likoni, alinipitia kunipeleka kazini. Bwana alikuwa mzee mjane, raia wa huko, ila wazazi wake walitokea Unguja na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Mjini, laini kama halua. Watu waliniambia nimebahatika kupata tajiri anayesema lugha yangu. Bahati gani? Tusi la Kiarabu lilinipita juu ya kichwa. La Kiswahili lilijua pa kuingilia.

Mzee alikuwa na ugonjwa mmoja, bastola za Kimarekani. Hakuwa na nia ya kumpiga mtu. Alikuwa na vibali vyake, kabati la chuma, na chumba chenye baridi ya kutetemesha meno, ambamo bastola zililala juu ya mahameli huku mimi nikilala kitanda cha juu karibu na feni mbovu. Alipenda za jeshi la zamani, zilizochorwa ubavuni maandishi kwamba ni mali ya serikali ya Marekani, na za mashindano ya shabaha, ambazo zilitengenezwa chache na kila moja ikakaa kwenye kisanduku chake. Zote zilikuwa za kujipakia risasi zenyewe na kwangu mimi zilifanana kama pacha. Kwake yeye kila moja ilikuwa na jina na nasaba, kama farasi.

Kipenzi chake kilikuwa moja ya jeshi, na alichokipenda zaidi kwayo kilikuwa magazini, kile kibweta chembamba cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Ilikuwa ya rangi mbili, juu kijivu hafifu na chini buluu ya kuelekea weusi, kwa sababu zamani hizo mafundi waliichoma moto upande mmoja tu. "Bastola utaipata," alizoea kusema. "Magazini yake ndiyo hupati." Alisema hivyo kila Alhamisi baada ya magharibi, walipokuja wageni wake, wazee watatu wenye asili ya Unguja kama yeye na wenye bastola zao makwao. Walivaa glavu nyeupe za pamba, maana jasho la mkono hula chuma. Mimi niliwapelekea kahawa, nikasimama mlangoni kungoja vikombe.

Alhamisi moja alitaka kujionyesha. Akaweka mezani ile ya jeshi na pacha wake wa mashindano, akafumba macho, akatoa magazini zote mbili, akazichanganya kwa vidole, akazirudisha. "Mimi huzijua kwa kuzishika tu," akasema, na wageni wakampigia makofi. Ile ya mashindano akaifungia kisandukuni. Wakaenda kula. Waliporudi akaifungua ile ya jeshi. Ndani mlikuwa na magazini nyeusi tupu, ya kawaida kabisa.

"Nimebadilishiwa," akasema.

Mgeni mmoja aliguna. "Labda umeziingiza kinyume, bwana."

"Mimi?" Ndivyo alivyojibu, neno moja tu. Hata mtoto angefungua kile kisanduku cha pili. Yeye aligeuka akanitazama mimi, kwa sababu ndimi niliyeingia kuondoa vikombe walipokuwa wakila.

Mkoba wangu ulimwagwa juu ya mahameli yake. Kanga, kipande cha sabuni, dawa ya kichwa, pedi, na tambi za kula usiku nilizofunga kwenye karatasi. Wazee wa watu wakatazama pembeni. Magazini haikuwemo, naye akahitimisha kwamba nimeshaipitisha kwa mtu. Nilimwapia kwa Mungu. Akainua mkono wenye glavu, akasema kwa ile sauti yake ya halua, "Sitaita polisi. Nimekusamehe, mama. Ila usirudie." Wageni wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Niliokota pedi zangu mezani, na nikaapa kwamba neno lile la msamaha litamrudia.

Dereva hakuwa na kifua cha kuweka siri. Nilipofika Al Nahda habari ilikuwa imenitangulia. Hakuna aliyeniita mwizi usoni. Ila mwanamke wa Malindi niliyekula naye sahani moja alianza kulala na pochi chini ya mto, na masanduku ambayo hayakuwahi kufungwa yakanunuliwa kufuli. Nilikuwa nikiingia chumbani, mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa. Mbona nisiache kazi? Kuacha kungekuwa kukiri. Mdhulumiwa akikimbia, nani atakumbuka kwamba alidhulumiwa?

Miezi ikapita. Asubuhi moja niliingia na kahawa nikamkuta amekifungua kisanduku cha ile ya mashindano. Mkononi alikuwa ameshika magazini ya rangi mbili, ndiyo kwanza imetoka kwenye mpini wa ile bastola. Tulitazamana. Aliniona nimeiona. Mkono wake ukashuka taratibu, akaitia kwenye droo, akaisukuma kwa goti.

"Kahawa weka hapo," akasema.

Basi! Hakuna la ziada. Nilisubiri Alhamisi, akawaambia wageni kwamba ameipata nyingine kwa wakala huko Marekani, wakampongeza. Hapo nikaelewa. Mtu yule aliona heri mimi niwe mwizi kuliko yeye kuwa mjinga. Kuanzia siku hiyo nilimpikia vizuri zaidi. Sikutaka afe kabla ya siku yangu.

Siku yangu aliileta mwenyewe. Mwaka ule alinuia kwenda Hijja, na mtu wa kwetu akienda Hijja huzunguka kuomba radhi kwa aliowakosea, maana haki ya mja Mungu humwachia mja mwenyewe. Alitukusanya jikoni, mimi, dereva na mtunza bustani. "Kama nimekukoseeni, nisameheni."

"Tumekusamehe, bwana," wakasema wenzangu, haraka kama wanaoitikia salamu.

"Na wewe?"

"Mimi bado."

Uso ulimshuka. Akawatoa wenzangu, akanong'ona, "Wataka nini? Nikupe tiketi ukawaone wanao huko Kenya?"

"Waambie magazini ilikuwa wapi. Wale waliosikia."

"Haiwezekani. Watanicheka."

"Mimi hawakunicheka, bwana. Waliniona mwizi."

Alihangaika wiki nzima. Alhamisi ilipofika alikaa na wageni wake, akaeleza akiitazama kahawa. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama maneno yale. Kisha mmoja akacheka hadi akakohoa. Wa pili akachukua bastola nyingine mezani, akaigeuzageuza. "Na hii uliyosema haijaguswa na fundi tangu itoke kiwandani, hakika yake ni nini? Uliijua kwa kuishika?" Wa tatu akavua glavu zake, akazikunja, akaagiza chai badala ya kahawa. Niliona sifa ya mzee ikimtoka kipande kwa kipande, na sikumwonea huruma hata chembe. Nilimmiminia kahawa nikijaza kikombe mpaka ukingoni.

Walipoondoka akaniuliza, "Umeridhika?"

"Waliokuwapo wamesikia. Lakini neno lako halikubaki hapa. Lilifika Al Nahda."

"Ala! Sasa nikawahutubie wanawake chumbani kwao?"

"Anayesafiri ni wewe, bwana."

Akaondoka kwenda Makka amenuna, bila radhi yangu. Nami nikarudi chumbani nikawasimulia wenzangu yote. Wakasema alhamdulillah. Usiku nikasikia kufuli moja likifungwa, kisha la pili. Maneno ya mtuhumiwa ni maneno ya mtuhumiwa, nani atamtolea ushahidi?

Siku ya Arafa tulikuwa tumefunga sote. Alasiri, wanawake wamejaa jikoni, mmoja anakuna nazi, wa Malindi anakoroga uji, simu yangu ikaita kwa namba ya Saudia. Nikaiweka juu ya meza na kufungua spika.

Ilikuwa sauti ya mzee, lakini halua yote ilikuwa imemwishia. Nyuma yake watu maelfu walikuwa wakilia na kuomba. "Niko Arafa," akasema. "Jua linakwenda. Nakuomba kwa Mungu unisamehe."

"Nikusamehe nini, bwana?"

Mwiko wa uji ukasimama.

"Nilikuita mwizi nawe hukuiba. Niliiweka mimi, kwa mkono wangu. Nikaiona, nikaificha, nikakuacha na jina bovu."

Aliyekuwa akikuna nazi akainuka kwenye mbuzi. Mwanamke wa Malindi alinitazama, machozi yamemjaa, akanyoosha mkono kunishika bega. Nikausogeza mkono wake. Zamu yake ilikuwa bado.

Radhi nilimpa mzee, kabla jua halijatua. Mungu ni shahidi wangu. Lakini kwanza niliinama karibu na simu.

"Sema tena, bwana," nikamwambia. "Sikusikii vizuri."

Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, akilia.

"Tena."

Nilikuwa namsikia vizuri sana.